Kura ya Kanisa juu ya Ini la Fundi Ogola

Nikiri mapema kwamba nililionea wivu tumbo la Fundi Ogola. Sisi mafundi wa soko la Kibuye, Kisumu, kule nyuma ambako mitumba inakwisha na cherehani zinaanza, hatuna ofisi wala kibao cha jina. Mteja hutuangalia tu tulivyokaa, kisha anaamua nani atapewa kitambaa chake. Akiniangalia mimi, Metrine Nabututu wa kutoka Webuye, anaona mwanamke mwembamba ambaye labda hajala tangu jana. Akimwangalia Ogola, anaona tumbo limetangulia mbele ya cherehani, limetulia ndani ya shati jeupe, tai imelala juu yake bila wasiwasi, naye anasema moyoni kwamba huyu ndiye mwenyewe. Soko zima lilimwita Mwenyekiti. Hakuwa mwenyekiti wa kitu chochote.

Na alilitunza, nyinyi. Kila mwisho wa mwezi alizungusha futi yake ya kushonea kiunoni, akasoma inchi, kisha akanitangazia kama mwalimu anayesoma matokeo ya mtihani. "Nabututu, arobaini na tano!" Suruali zake mwenyewe alizishona na kitambaa cha ziada kwenye mshono wa nyuma, ili tumbo likiongezeka afungue kidogo, apige mshono mpya, maisha yaendelee. Nilimwambia siku moja ataishiwa na kitambaa. Akanijibu kwamba wivu hauna dawa.

Lakini tumbo lile halikuwa majivuno matupu, na hapa lazima nimtendee haki. Ogola aliacha pombe mwaka wa tisini na tisa. Kabla ya hapo, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa anakunywa chang'aa asubuhi kabla ya chai, mwili umekauka, mikono inatetemeka hata uzi hauingii sindanoni. Kisha siku moja akamwambia mkewe, Benta, kwamba tone moja la pombe halitaingia tena mwilini mwake mpaka afe. Mwilini, si mdomoni. Habari hiyo nimeisikia mara nyingi kuliko nilivyosikia jina langu, maana kwa miaka kumi na tisa cherehani yangu imekaa hatua mbili kutoka kwa yake. Baadaye alibatizwa katika kanisa lao linalosali Jumamosi, akapanda mpaka akawa mzee wa kanisa, na kila alipotoa ushuhuda alijipigapiga tumboni. "Muangalie hii mwili," aliwaambia. "Pombe ilikuwa imemaliza. Mungu amerudisha yote."

Mtu mwenyewe alikuwa mgumu. Dawa ya kikohozi hakuinunua kabla ya kusoma kibandiko chote, na akiona neno alkoholi aliirudisha kwa muuzaji kana kwamba ameuziwa nyoka. Maji ya matunda yaliyolala hakuyagusa. Kazi ya mwenzake hakuisifu hata siku moja. Katika miaka kumi na tisa sijawahi kumwonyesha shati nililoshona asilione kasoro begani.

Mwaka juzi akaja sokoni na stuli. Nikadhani amechoka na kiti chake, kumbe ni ya wateja. Kila aliyetaka kushonewa suruali alipandishwa juu ya stuli ile, akasimama pale katikati ya Kibuye kama mwanasiasa anayeomba kura, huku Ogola akimpima mguu bila kuinama. Ati ni mtindo mpya. Mimi nilijua mara moja kwamba hawezi tena kuinama. Hata kukanyaga cherehani alikuwa anapumzika kila baada ya mshono mmoja, akivuta pumzi kwa kinywa, akijitia anaangalia kama uzi umenyooka.

Benta ndiye aliyemburuta hospitalini. Huyo mama ni wa Usenge, alikua akianika omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni, na mtu aliyekua akigombana na kunguru juu ya omena hashindwi na mume. Nilienda nao kwa sababu nilikuwa na hofu, na pia, sitaficha, kwa sababu nilitaka kujua.

Daktari alikuwa msichana wa kwetu, Valarie Wakhungu, mdogo hivi kwamba Ogola alimuuliza kama daktari mwenyewe atakuja lini. Alimlaza, akampaka ute wa baridi tumboni, akampitishia kile kifaa cha skani polepole, na akarudia mahali pamoja mara nyingi kuliko nilivyopenda.

"Mzee," alisema mwishowe, "hiki si kitambi."

"Sasa ni nini?"

"Ni maji. Kuna mfuko wa maji umeota ndani ya ini. Nikikadiria, ni kama lita tatu."

Nilimwangalia Mwenyekiti wetu amelala pale, shati limefunuliwa, ushuhuda wake wa miaka mingi umepakwa ute, na nusura nicheke. Kisha nikasikia sauti yake alipouliza kama ni kansa. Ilikuwa sauti ndogo, na kicheko kiliniisha.

Haikuwa kansa. Daktari alimuuliza kama amewahi kuishi karibu na mbwa na kondoo, maana kuna mnyoo wa mbwa unaoleta mifuko ya namna hiyo, na huo una vidonge vyake. Ogola alijibu kwa hasira kwamba yeye ni fundi wa nguo. Damu ikapimwa, mnyoo haukuwepo. Basi siku ya pili daktari akatuketisha, akatueleza taratibu, na nilimpenda kwa hilo, kwa sababu hakutufanya wajinga. Alisema watu wengi wana mifuko kama hiyo, midogo, wanazeeka nayo na hawajui. Mfuko wake ungekuwa mdogo angemwambia aende nyumbani, arudi mwaka ujao kupigwa picha. Lakini huu ulikuwa umelisukuma pafu juu, ndiyo maana anahema.

"Kuna njia tatu. Ya kwanza, tunafyonza maji kwa sindano. Ni rahisi, hata leo. Lakini mfuko utabaki, na ngozi yake ya ndani ndiyo inayotoa maji. Utajaa tena."

"Kama bitana ya koti," Ogola alisema. "Ukiacha bitana, koti iko tu."

"Hivyo hivyo, Mzee. Njia ya pili, tunafyonza halafu tunatia dawa ya kuichoma hiyo bitana ikauke. Ya tatu ni upasuaji. Matundu madogo matatu, kamera inaingia, tunakata paa la mfuko, maji yanakuwa yanamwagikia tumboni na mwili unayanywa. Hiyo ndiyo inayodumu zaidi. Lakini lazima nikulaze kwa nusukaputi, na wewe una pumu, na presha yako hii sipendi kuiona. Kwako ningechagua ya pili."

Mtu mwenye akili angeuliza hiyo dawa ni gani. Ogola alikuwa ameshasikia neno rahisi na neno leo, mengine yote yakampita. Akachagua ya kwanza.

Maji yalitoka siku hiyo hiyo, na kwa wiki mbili alikuwa anapumua kama kijana. Shida ni kwamba alikuwa amekonda. Mwanamume wa Kisumu akikonda ghafla hana siri tena, kila mtu anaujua ugonjwa wake kuliko daktari. Wengine walinong'ona, wengine walisema Benta ameacha kupika, na muuza vifungo wa ng'ambo ya barabara alikuja kumpa pole ya msiba ambao haukuwepo. Suruali zilikusanywa kiunoni kwa mshipi zikatoa mikunjo kama pazia. Katika joto lile la mwezi wa pili, Ogola alivaa mashati mawili na sweta juu yake ili apate umbo. Wateja walipita kwake wakaja kwangu. Nilipata kazi nyingi wiki zile, na sikuomba msamaha.

"Nabututu," aliniuliza siku moja, jasho linamtiririka, "naonekana aje?"

"Kama mtoto amevaa yunifomu ya kaka yake."

Hakucheka. Miezi minne baadaye alizungusha futi yake kiunoni, uso ukang'aa, akanitangazia kwamba ni arobaini na mbili. Mwezi uliofuata ikawa arobaini na nne. Sweta akalivua. Alikuwa na furaha ya mtu ambaye ng'ombe wake aliyepotea amerudi zizini, na mkewe aliyekuwa ameleta chakula cha mchana alimsikiliza mpaka mwisho, akafunika sufuria, akasema, "Hiyo ni maji, Baba Griffins." Griffins ni kijana wao, yuko Nakuru.

"Najua ni maji. Lakini watu hawajui."

Ilikuwa mwezi wa saba, kanisa lao linajiandaa kwa makambi ya Agosti, ile mikutano yao mikubwa ya hema, na yeye ndiye aliyepewa kushona magauni meupe ya mashemasi wanawake. Jumamosi moja alisimama kusoma andiko, akafika katikati ya mstari, pumzi ikakatika. Alijaribu tena neno lile lile mara tatu, kisha akakaa. Benta alinisimulia hayo Jumapili akiwa amesimama mlangoni pangu, hakutaka hata kuketi.

Safari hii daktari hakuwa na maneno mengi. Mfuko umejaa kupita mara ya kwanza, moyo unafanya kazi ya watu wawili, na akianguka vibaya mfuko unaweza kupasuka. Kufyonza tu ni kujidanganya. Kumlaza kwa nusukaputi hali ilivyo, hathubutu. Imebaki njia moja.

"Hiyo dawa ya kukausha," Ogola aliuliza, safari hii akiwa makini, "inaitwa nini?"

"Ni alkoholi, Mzee. Spiriti safi kabisa. Tunaitia ndani ya mfuko, inakaa nusu saa, tunaitoa."

Ogola alisimama, akachukua kofia yake. "Ero kamano, Daktari," akasema. Yaani asante. Na akatoka.

Sasa hapa ndipo nilipokasirika. Nilimfuata mpaka getini nikamwambia kila kitu. Kwamba hakuna anayemwambia anywe. Kwamba ini halina ulimi. Kwamba nesi amempaka spiriti mkononi kila alipodungwa sindano tangu utotoni na hakuwahi kulewa kwa mkono. Alinisikiliza akihema, ameshika nguzo ya geti.

"Nabututu, nilisema mwilini," alinijibu. "Sikusema mdomoni. Wewe unajua vile nilisema."

"Kwa hivyo utakufa?"

"Nitauliza wazee wa kanisa."

Naapa hakuna mahali pengine duniani ambapo ini la mtu limewahi kupelekwa mbele ya baraza la kanisa likawekwa kwenye ajenda. Lakini Jumapili iliyofuata lilikuwa jambo la tatu, baada ya hema la makambi na choo cha wageni. Mimi ni Mkweka, wa kanisa jingine kabisa, sina kiti katika baraza hilo. Nilikaa kwenye benchi nje, nikijifanya nimeleta magauni, na bahati nzuri kanisa lao ni la mabati, linapitisha kila neno.

Mzee Okinyi, mwenye kiti, alisoma swali kwa sauti nzito: je, spiriti ikiingia katika ini la ndugu kwa njia ya mrija, ndugu amekunywa? Wakaanza. Mmoja alisema mwili ni hekalu na hekalu lina zaidi ya mlango mmoja. Mwingine akasema basi na mafuta ya taa ya jikoni tuyapigie kura. Mama mmoja mwenye sauti nyororo alipendekeza daktari atumie divai ya Meza ya Bwana, ile ya zabibu isiyochachuka, ili kila mtu aridhike, na pendekezo hilo likaungwa mkono na watu wawili kabla mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi ya famasi hajawaeleza kwamba sukari haichomi kitu. Mzee Okinyi akauliza kama spiriti inaweza kuombewa kwanza. Nusu saa nzima. Nami pale nje nimeshika tama, najiuliza maji yale yameongezeka vikombe vingapi tangu wafungue kwa sala.

Ogola mwenyewe alikuwa ndani pamoja nao. Nilikuwa namsikia akihema tu, upande wa dirisha.

Kisha nikasikia benchi likisogezwa, na sauti ya Benta, aliyekuwa ameketi na mumewe, ikimwita mwenye kiti kwa heshima ya Kijaluo.

"Jaduong' Okinyi, naomba kusema. Hii kura yenu mimi siielewi. Huyu mtu hakuahidi kanisa. Wakati aliahidi, kanisa hata hakuwa anaijua. Aliniahidi mimi."

Nikasikia viatu vyake vikisogea mbele.

"Mnajua mkono yangu hii ya kushoto haikunjuki. Mimi husema nilianguka. Ni kweli nilianguka, lakini nilisukumwa. Alikuwa amekunywa, akanisukuma, nikaangukia kizingiti cha mlango. Mara moja tu, na kesho yake akaacha pombe, na hajawahi kurudi. Miaka ishirini na tano. Kwa hivyo kama kuna mtu wa kutoa ruhusa, ni mimi. Mimi natoa. Na nitakaa hapo kando ya kitanda nione ni nani ataamka."

Nilikaa pale na mfuko wangu wa magauni na sikujua niangalie wapi. Miaka kumi na tisa ninaujua mkono ule. Nilimwona akifua nao, akibeba nao, na mara ya kwanza nilipomuuliza alisema ni kuanguka, nami nikaridhika. Na yule mwanamume wa stuli na sweta, ambaye nilimtania asubuhi na jioni, nilikuwa namjua nusu tu. Nilimkasirikia upya, hasira nyingine kabisa, na sikuweza kuiacha hata nilipotaka.

Baraza halikupiga kura. Mzee Okinyi alifunga kwa sala fupi kuliko zote alizowahi kuomba, na katika kumbukumbu za kikao wakaandika kwamba jambo la tatu limeachiwa familia.

Jumanne tulikuwa hospitalini mapema. Daktari Wakhungu alimchoma ganzi ubavuni, akaingiza mrija kwa kufuata picha, na maji yakaanza kushuka ndani ya mfuko wa plastiki, meupe, safi kama ya mvua. Ogola aliyatazama yakiondoka kwa macho ya mtu anayesindikiza mgeni wa heshima. Adhuhuri yakaisha. Daktari akatia kwanza dawa ya picha kuhakikisha mfuko hauvuji kuelekea kwenye mirija ya nyongo, maana ikivuja spiriti haiwekwi kabisa. Haukuvuja. Ndipo akaleta spiriti, kiasi cha kikombe cha kahawa.

"Itauma kidogo, Mzee. Na watu wengine kichwa kinakuwa chepesi. Kidogo yake itaingia kwenye damu, siwezi kukudanganya."

Ogola alimtazama Benta. Benta akasema, "Tia, Daktari."

Iliuma. Aliushika ukingo wa kitanda mpaka vidole vikabadilika rangi. Kila baada ya dakika chache walimgeuza, kulia, kushoto, kifudifudi, chali, kama samaki kwenye kikaango, ili spiriti ifike kila pembe ya bitana. Alipogeuzwa mara ya tatu uso ulikuwa umewiva na macho yanang'aa. Alikuwa hajala tangu jana, na hajaonja tone kwa robo karne. Benta alivuta kiti chake karibu. Nilimwona amejikaza, miguu imekanyaga sakafu vizuri, kama mtu anayejiandaa kusimama haraka.

"Daktari," Ogola alisema, na ulimi ulikuwa mzito, "hiyo koti yako nyeupe. Bega imekosewa. Mtu ametoa kitambaa mingi mbele."

"Asante, Mzee. Lala."

"Na wewe, Nabututu. Kola zako."

"Kola zangu zimefanya nini?"

"Kola zako ni mzuri kushinda yangu. Nimejua tangu mwaka ile ulikuja. Nilikuwa nakataa kusema."

Miaka kumi na tisa nimelingoja neno hilo, na linanijia kwa mtu ambaye siku mbili nzima sijataka kumwangalia usoni. Nikamwambia alale.

Hakulala. Aligeuza kichwa polepole mpaka akampata mkewe, na pale ndipo nilipoona mkono mzuri wa Benta umeshika ule mwingine.

"Nyar Usenge," akamwita kwa jina la kwao, binti wa Usenge. "Ni mimi nilikusukuma."

"Najua ni wewe. Nilikuwa hapo."

"Niliacha pombe, nikajenga nyumba, nikakuwa mzee wa kanisa. Yote nilifanya. Kitu moja sikufanya, sikusema pole. Nilikuwa naogopa nikisema, utakumbuka."

"Nisahau na mkono ni wangu?"

Machozi yalimtoka Ogola yakaingia masikioni, kwa kuwa alikuwa amelala chali. "Nisamehe," akasema. "Mkono yako, nisamehe."

Benta alimfuta uso kwa pindo la leso, kwanza jicho moja, kisha jingine, bila haraka. "Hiyo ni spiriti inaongea, Baba Griffins," alimwambia. "Mimi maneno ya pombe nilishasikia mengi, mabaya na mazuri. Kama ni yako, sema kesho ukiwa mkavu."

Daktari aliifyonza spiriti yote, akaacha mrija mahali pake, Ogola akasinzia kama mtoto. Sisi wawili tulienda nje kununua chai. Benta alilipa, akainywa yake ikiwa bado moto, na yangu ikapoa mkononi.

Asubuhi yake mrija ukatolewa. Skani ilionyesha mfuko umesinyaa, na daktari akatueleza kwamba utaendelea kusinyaa kwa miezi, arudi baada ya mitatu wauangalie, ukileta ukaidi watautia spiriti mara nyingine. Ogola aliketi kitandani, mwembamba, shati linamning'inia, akavuta pumzi ndefu ya kwanza kwa miezi mingi. Wodi ilikuwa imejaa, wagonjwa sita na watu wao, wengine wanakula uji.

"Kichwa kinauma?" daktari aliuliza.

"Hapana."

"Unakumbuka ya jana?"

Ogola aliangalia dirishani. "Sikumbuki kitu," akasema.

Nusura nimrushie kikombe. Hiyo tunaijua sote, kila mwanamke aliyewahi kuishi na mlevi anaijua kwa moyo, kwamba walichofanya hawakumbuki na walichosema hawakumbuki. Nilimgeukia Benta. Alikuwa anakunja blanketi, akaendelea kulikunja, pembe kwa pembe, akaliweka kwenye mfuko. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Akachukua sahani, akaipangusa, akaiweka nayo. Daktari akaandika kwenye faili lake akageuka kwenda kitanda kinachofuata.

"Daktari, ngoja," Ogola akasema. "Nimekudanganya. Nakumbuka yote."

Akashuka kitandani, akasimama bila viatu kwenye sakafu ile ya saruji. Sauti yake ilikuwa ile ya kusomea andiko, sasa ina pumzi ya kutosha, na wodi nzima ikaacha uji.

"Nyar Usenge. Mwaka wa tisini na tisa nilikusukuma, ukavunjika mkono, na sijawahi kukuomba msamaha mpaka jana. Leo sijakunywa kitu. Hata chai bado. Naomba msamaha."

Benta aliketi pale kitandani mumewe alipotoka, mfuko aliokuwa ameupanga vizuri akauangusha. Alilia kwa sauti, mbele ya watu, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akifuta hata jicho, na Ogola akasimama pale mbele yake hajui aweke wapi mikono. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Alipomaliza alijipangusa, akamtazama mumewe kutoka miguuni mpaka kichwani.

"Nimekusikia," alisema. "Nimengoja sana."